Rangi Inayoingia Ndani ya Mti

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma na wajibu wa msomi. Niliikubali mada hiyo kwa maandishi, kama ilivyo desturi yetu sisi watu wa mafaili. Lakini nilipokaa kuiandika nilishindwa kuvuka ukurasa wa kwanza. Kila nilipoandika neno "uaminifu" kalamu ilisita, na sababu ya kusita kwake ninayo hapa mezani. Ni fimbo hii.

Kwa hiyo namwomba radhi Ndugu Mwenyekiti. Leo nitazungumza juu ya mabaki ya mbao, majani ya chai, maganda ya miwati na misumari yenye kutu. Ni mambo ambayo nimeyashughulikia saa za jioni na siku za mapumziko kwa miaka kadhaa sasa, wenzangu wa ofisini wakinicheka kwamba mtu mzima mwenye shahada anachemsha magome ya miti kama mganga.

Nianze na fimbo. Mwaka 1998, tulipokuwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Fizikia alistaafu. Darasa letu la watu 40 likaamua kumzawadia fimbo ya mpingo. Kila mmoja alichanga shilingi 200, jumla shilingi 8,000, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mkono wa useremala, nikakabidhiwa fedha zote niitafute fimbo hiyo. Ndugu zangu, sikuitafuta. Nilikata tawi la mkaratusi nyuma ya uwanja wa mpira, nikalichonga, nikalipiga msasa, kisha nikalipaka rangi nyeusi ya viatu tabaka tatu na kulisugua kwa kitambaa mpaka liking'aa. Msasa na rangi vilinigharimu shilingi 300. Zile 7,700 nilizila.

Siku ya kumuaga jua lilikuwa kali. Mwalimu alisimama na fimbo yake tangu mwanzo wa sherehe hadi mwisho, na alipoinua mkono kutupungia, kiganja chake kilikuwa cheusi kama cha mchoma mkaa. Shati lake jeupe lilikuwa na alama za vidole kifuani. Hakusema neno. Mimi nilijificha nyuma ya wenzangu, nikajiambia kwamba hakuna aliyeona.

Miaka 18 ikapita. Mwaka 2016 kazi ilinipeleka katika wilaya aliyokuwa akiishi, nami nikaenda kumwamkia. Nilimkuta barazani, na fimbo ameiegemeza ukutani. Weusi ulikuwa umekwisha kabisa mahali pa kushikia, na mkaratusi umejitokeza, wa rangi ya kijivu yenye wekundu. Nilimpa shikamoo, naye akaitikia, kisha akafuata macho yangu yalikokwenda, akacheka.

"Kijana wangu," akaniambia, "nilijua jioni ile ile. Mpingo ni mzito kuliko maji, hivyo huzama. Yako niliitia kwenye pipa la maji ya mvua, ikaelea."

Nilimwuliza kwa nini hakuitupa. Akasema fimbo yenyewe ilikuwa imara na imenyooka vizuri, na kwamba kosa lilikuwa la rangi, si la mti. Nikamwomba aniachie niirekebishe. Alinitazama kidogo, akanijibu, "Kama utaipaka, ipake kitu kitakachoingia ndani. Usinipakie tena kitu cha kukaa juu."

Jibu hilo ndilo lililonifikisha katika habari ninayotaka kuwaeleza.

Rangi ya kopo, na hali kadhalika rangi ya viatu, hukaa juu ya mbao kama shuka juu ya kitanda. Ukiivua, kitanda ni kile kile. Lakini ziko rangi za namna nyingine, ambazo maji yake hunywewa na mbao, yakakutana na vitu vilivyomo ndani yake, na weusi ukazaliwa humo humo. Kitu kikubwa kinachohusika hapa huitwa tanini. Hii ndiyo inayoukausha ulimi unapokunywa chai iliyokolea, au unapotafuna ganda la komamanga. Tanini ikikutana na chuma kilichoyeyuka hugeuka kuwa nyeusi. Kwa njia hiyo hiyo watu wa Ulaya walitengeneza wino wao wa kuandikia kwa karne nyingi.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tanini imetuzunguka pande zote. Miwati, ambayo asili yake ni Australia, ililetwa na kupandwa kwa ajili ya maganda yake, kwa kuwa tanini ni zaidi ya robo ya uzito wa ganda likiwa kavu, nayo hutumika viwandani kulainishia ngozi. Mashamba ya chai yako Mufindi na Njombe. Ama chuma, kila nyumba ina misumari iliyoota kutu.

Namna ya kutengeneza ni rahisi, na wadogo zangu mnaweza kuandika. Chukua misumari yenye kutu, au ile sufu ya chuma ya kusugulia masufuria, itie katika chupa ya kioo na uimiminie siki mpaka izame. Iache kwa muda wa wiki moja. Usiibane chupa kwa kifuniko wala usiiweke karibu na moto, maana hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo huweza kuipasua chupa na pia hushika moto. Baada ya hapo chuja kwa kitambaa. Utapata maji ya kijani hafifu au ya rangi ya kutu, yasiyo na dalili yoyote ya weusi.

Mara ya kwanza niliyapaka maji hayo kwenye kipande cha msonobari, mbao nyepesi ambayo Sao Hill imetuzoesha. Kikawa cha kijivu, kama mlango uliopigwa mvua. Nikakata tamaa. Kisha nikajaribu kwenye mkaratusi. Kabla sijamaliza kuosha brashi, mbao ilianza kubadilika: kijivu kwanza, kisha zambarau iliyofifia, kisha nyeusi. Maji yalikuwa yale yale ya chupa moto. Tofauti ilikuwa ndani ya mbao, kwa sababu mkaratusi una tanini nyingi na msonobari una kidogo sana.

Je, msonobari haufai basi? Unafaa, lakini ni lazima uusaidie. Chemsha maganda ya miwati kwa saa moja, au chai nzito isiyo na sukari wala maziwa. Paka maji hayo kwenye msonobari, uache ukauke kabisa, ndipo upake maji ya chuma. Utakuwa mweusi kama wenzake. Hapo wanafunzi waone jambo. Mti ambao haukujaliwa kitu fulani unaweza kukipata kwa kuandaliwa, ila maandalizi hayo hayarukiwi, na hakuna atakayeyaona kazi ikishakwisha.

Basi niliichukua ile fimbo, nikaondoa mabaki ya rangi ya viatu kwa tapentaini na msasa, nikaipaka maji ya miwati mara mbili na ya chuma mara moja, na mwisho nikaisugua kwa nta ya nyuki. Nilipoirudisha, Mwalimu hakunishukuru papo hapo. Aliita maji, akailowesha, akaifuta kwa nguvu kwa leso nyeupe, kisha akaikunjua leso ile mbele ya macho yangu. Ilikuwa nyeupe. Ndipo akasema, "Sasa ni mkaratusi mweusi. Si mpingo. Na usimwambie mtu yeyote kwamba ni mpingo."

Ndugu zangu, udanganyifu nilioufanya mimi haukuwa mpya. Wapo wachongaji wanaopaka mbao nyeupe rangi ya viatu na kumwuzia mgeni kwa jina la mpingo. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kukatwa, na weusi wake uko katika kiini tu, maana sehemu ya nje ni nyeupe yenye umanjano. Mti unaochelewa hivyo lazima uwe adimu, na kitu kikiwa adimu, ghushi hufuata. Lakini nimejifunza kwamba mbao duni haihitaji jina la kuazima. Ukiijua, ina uzuri wake.

Baada ya fimbo nilishikwa na hamu ya kuchora. Nilianza na mabanzi ya kiwanda cha mbao, yale ambayo wenye kiwanda huyatoa bure au kwa bei ya kuni. Nitaeleza kwa kifupi nilichokiona katika rangi mbalimbali.

Kahawa iliyokolea hutoa kahawia ya upole, nzuri kwa ardhi na kwa nyuso za watu. Chai hutoa kahawia yenye wekundu, na ikikutana na chuma hutoa kijivu cha namna nyingi kadiri ulivyoizimua. Kwa chai na chuma peke yake unaweza kuchora ukungu wa asubuhi ya mwezi wa Juni, jinsi unavyoteremka milimani huku kwetu.

Binzari ya manjano ilinidanganya. Hutoa manjano ya kung'aa kuliko rangi yoyote ya dukani, na ukiigusisha magadi hugeuka nyekundu ya matofali. Nilichora picha ya machweo kwa binzari na magadi, nikaitundika ofisini mkabala wa dirisha. Kila mgeni aliisifu. Baada ya miezi michache jua lote lilikuwa limetoweka, vimebaki vilima vya chai na chuma vikitazama mbingu tupu. Binzari haiwezi kustahimili mwanga. Zingefuri, zile mbegu nyekundu za kutia rangi ya chakula, nazo hufifia vivyo hivyo. Siku hizi nikizitumia, kazi hiyo huitundika mahali pa kivuli, na kwa mtu ninayempa humwambia ukweli huo kabla hajaipokea.

Sasa niseme juu ya hatari, kwa maana sitaki mzazi yeyote anilaumu.

Kwanza, si kila kipande cha mbao kilichotupwa ni cha kuokotwa. Nguzo za umeme na za uzio zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na aghalabu dawa hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Usizipige msasa wala usizichome moto. Mbao za mapaleti ya bandarini zina mihuri. Zenye herufi HT zilipashwa joto tu, lakini zenye MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, ziache.

Pili, vumbi la mbao, hasa la mvule na mninga, huwadhuru baadhi ya watu kifuani na kwenye ngozi. Funga pua na mdomo, na fanyia kazi mahali penye hewa.

Tatu, kitambaa ulichopakia mafuta ya linsidi usikikunje na kukitupa pembeni. Hupata moto chenyewe na kuwaka. Kianike nje kikiwa kimekunjuliwa, au kiloweshe maji.

Nne, mtu asiende kubandua magome ya mti ulio hai msituni, wala mikoko kule pwani. Mti ukibanduliwa gome kuuzunguka shina lote hufa. Yatosha maganda ya miwati iliyokwisha kukatwa.

Labda mtu atauliza: hiyo ni sanaa, au ni mchezo wa mtu asiye na fedha ya rangi? Namjibu kwa mifano. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, yaani alifanya kazi hiyo kwa miaka minne tu, na leo mtindo wa uchoraji unaitwa kwa jina lake duniani kote. El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria kule Nsukka, katika miaka ya 1970 alizichukua sinia za mbao za kupangia bidhaa sokoni akazichoma alama kwa chuma cha moto. Na Wabamana wa Mali, tangu zamani, hulowesha kitambaa katika maji ya majani yenye tanini kisha huchora juu yake kwa tope lenye chuma. Ni miwati yangu na misumari yangu ile ile, ila wao walijua kabla yangu na bila shahada.

Ndugu Mwenyekiti, naelekea mwisho. Miaka miwili iliyopita nilipita shuleni hapa nikaona nyuma ya jiko lundo la madawati yaliyovunjika, yakisubiri kuwa kuni. Yalikuwa yale yale tuliyoyakalia sisi, na wengine waliyakalia kabla yetu. Niliomba mfuniko mmoja, nikatia saini katika daftari la stoo, nikaondoka nao.

Nia yangu ilikuwa kuupiga randa hadi uwe mpya, kisha nichore juu yake mlima huu unaouona kutoka mabwenini. Nikaona ni vema kwanza nijaribu rangi bila kuuranda. Nikapaka maji ya miwati, nikasubiri, nikapaka ya chuma. Mbao yote ikawa nyeusi, isipokuwa sehemu mbili upande wa chini, kushoto na kulia, ambazo zilikataa kabisa kunywa rangi. Nilidhani nimekosea. Nikapaka tena, zikakataa tena.

Ndipo nikakaa mbele ya mbao ile jinsi mwanafunzi anavyokaa, nikaweka mikono yangu juu yake. Sehemu zile mbili ziliingia chini ya mikono yangu barabara. Ni mafuta ya mikono ya wavulana, mwaka baada ya mwaka, yaliyoingia ndani ya mbao na kuizuia isipokee maji. Aliyekalia dawati lile ameandika humo bila kujua, pamoja na wote waliomtangulia na waliomfuata.

Sikuongeza kitu. Mlima sikuuchora. Nimeupaka nta tu, na mfuniko huo ndio huu ulioegemezwa hapa. Mtakapotoka mtaugusa, hauambukizi rangi.

Kwa hiyo nina maombi mawili na deni moja.

Ombi la kwanza: naiomba Bodi na Ndugu Mkuu wa Shule kwamba mifuniko ya madawati iliyosalia isichomwe. Kama ni kuni zinazohitajika, mimi na wenzangu wachache tumekwisha kuafikiana kuchangia mzigo wa lori moja la mabanzi kwa ajili ya jiko.

Ombi la pili: chumba cha karakana ambacho sasa ni ghala la vyombo vibovu kifunguliwe siku za Jumamosi, vijana wapewe mifuniko hiyo, siki, misumari na maganda. Gharama yake haifikii bei ya mpira mmoja wa miguu. Nitatumia siku za likizo yangu kuja kuwafundisha, na fundi wa shule ameniambia atasimamia siku nyingine. Katika kazi yetu ya serikali nimewaona vijana wengi wenye vyeti vizuri ambao hawajawahi kukishika kitu kwa mkono wakangoja kikauke. Hawajui kungoja, na asiyejua kungoja hutafuta rangi ya viatu.

Ama deni, ninyi wenzangu wa darasa lile mliochanga, wapo hapa kumi na mmoja, nimewahesabu. Mwalimu wetu alitutoka mwaka 2021, na jamaa zake wameniruhusu kuileta fimbo hii ili ikae shuleni. Yeye alinisamehe, lakini fedha hazikuwa zake, zilikuwa zenu. Shilingi 7,700 za mwaka ule hazirudishiki kwa shilingi 7,700 za leo. Nimeuliza bei ya fimbo ya mpingo halisi kwa wachongaji, na kiasi hicho kimo katika bahasha hii kwa ajili ya karakana. Namkabidhi Ndugu Mweka Hazina mbele yenu wote, na kama mtumishi wa umma, namwomba stakabadhi.

Wadogo zangu, baada ya mkutano njoni mezani. Fimbo hii mtaishika, na pale nje kuna pipa la maji. Itieni. Mtaiona ikielea.